Kupiga Mbizi Pwani Ukitokea Nairobi: Anza na Siku ya Kurudi

Mtu wa Nairobi akipanga safari ya Pwani huanza na tiketi ya kwenda. Anayekwenda kupiga mbizi na mtungi mgongoni mimi humwambia aanze na siku ya kurudi, kisha ahesabu kinyumenyume. Sababu ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwili uliotoka kupumua hewa ya mtungi chini ya maji haufai kupandishwa huko kwa haraka.

Mimi ni fundi wa friji na mitambo ya kupoza hewa, kibanda changu kiko Ngara, kwa hiyo gesi na shinikizo ndiyo mkate wangu. Ukiwa chini, uzito wa maji huisukuma naitrojeni ya hewa unayovuta iingie kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda, hutoka polepole kupitia mapafu, na huendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya wewe kuvua mapezi na kwenda kula biriani. Ukiwahi mahali penye hewa nyepesi kabla haijaisha, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo na mishipa. Ukitaka kuona nguvu ya mwinuko huu, nunua krispi za muhogo Marikiti, Mombasa, uzipakie kwenye treni. Zikifika Syokimau pakiti imetuna kama imejazwa pampu, na hakuna aliyeongeza hata pumzi moja ndani.

Kanuni inayofundishwa kwa wasafiri wa ndege ni hii: ukizama mara moja tu, ngoja angalau saa 12 kabla ya kupaa, ukizama mara kadhaa, au siku mfululizo, ngoja angalau saa 18. Mimi huweka 24 na silali na mawazo. Watu wakisikia "ndege" hudhani treni ya SGR na basi la usiku havihusiki. Vinahusika. Mwinuko wa kuhesabiwa huanza kama mita 600, na treni huupita huo mbali kabla ya kufika Nairobi. Kwa hiyo ukiwa na tiketi ya treni ya alasiri siku ya Jumapili, mbizi yako ya mwisho iwe imekwisha Jumamosi saa sita mchana. Jumapili asubuhi katembee Fort Jesus, unywe kahawa, ukae nchi kavu.

Na ukishafika nyumbani, kiwiko au goti likaanza kuuma bila sababu, au vidole vikafa ganzi, usiseme ni uchovu wa safari. Nenda hospitali, na jambo la kwanza umwambie daktari ni kwamba ulizama, saa ngapi na kina gani. Asipoambiwa, atakuandikia dawa ya maumivu urudi zako nyumbani.

Sasa tuje kwenye maandalizi, ambayo mengi yanafanyika hapa hapa jijini. Jifunze kuogelea kwanza. Kozi ya mwanzo inataka uogelee mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kushindana na saa, kisha uelee dakika 10. Si mtihani mgumu, ila maji ya vidimbwi vya kuogelea vya Nairobi mwezi wa Julai yatakutoa roho kwa baridi, basi anza mapema mwakani kabla ya msimu huo. Masomo ya darasani na mazoezi ya kidimbwini unaweza kuyamaliza huku kwa mwalimu mwenye cheti kinachotambulika, akuandikie barua, ukamalizie mbizi nne za baharini kule chini kwa muda usiopungua siku mbili. Cheti hicho kinakuruhusu kushuka hadi mita 18. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuanza. Anayetaka kuonja tu bila kozi atashikwa mkono na mwalimu na hatapita mita 12.

Kabla ya yote kuna fomu ya afya. Pumu, kifafa, moyo, sikio lililotoboka, upasuaji wa kifua: yaandike yote. Nimeona watu wakiweka "hapana" kila mahali kwa sababu wamekwisha kulipa. Kusema uongo kwenye fomu ile ni kujidanganya mwenyewe, maana mwalimu hatapumua kwa niaba yako. Mafua nayo, hata yale madogo ya Nairobi tuliyoyazoea, yanaahirisha mbizi. Usimeze dawa ya kufungua pua ukajitia majini, kwa sababu nguvu yake ikiisha ukiwa chini, hewa iliyoko masikioni itakosa njia ya kutokea wakati wa kupanda.

Masikio yanastahili aya yao. Nilikaa nikapiga hesabu: tofauti ya shinikizo kati ya Nairobi na Mombasa, safari nzima ya treni, ni sawa na kushuka mita zisizofika 2 baharini. Yaani masikio yaliyopewa saa tano au sita kuzoea kule kwenye kiti, hapa unayapa sekunde chache. Ndiyo maana wengi huumia wakiwa bado wanaliona jua vizuri juu yao. Bana pua, sukuma hewa taratibu, na uanze kabla kichwa hakijazama. Rudia kila baada ya mita moja au chini ya hapo, usingoje maumivu. Yakija, panda kidogo, jaribu tena. Sikio likikataa kabisa, mbizi imekwisha, na mwalimu mzuri hatanuna.

Vifaa utakodi huko. Usikimbilie kununua. Ila vikague, na hapa ndipo ufundi wangu unanifanya niwe msumbufu kwenye boti. Fungua mtungi, vuta hewa ukiwa bado umekaa. Hewa safi haina harufu wala ladha. Ikinukia mafuta au moshi, mashine iliyoijaza ina kasoro. Rudisha mtungi huo, hata boti nzima ikikusubiri. Tazama mpira mdogo wa mviringo kwenye mdomo wa mtungi, kama umepasuka au umekauka utavujisha. Kisha angalia geji huku ukivuta pumzi mbili tatu kwa nguvu. Inapaswa kusoma karibu baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo), na mshale utulie. Mshale ukianguka kila ukivuta halafu ukarudi, vali haijafunguliwa sawasawa. Mwambie anayekusaidia, "Kaka, hebu nifungulie hii vizuri." Majini, mwonyeshe mwalimu geji kila mara, na upange kurudi juu ya maji ukiwa bado na baa 50.

Risasi za mkandani, yaani vipande vizito vya madini ya risasi vya kukuzamisha, usizihesabu kwa mazoezi ya kidimbwi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba, yanakuinua zaidi. Mtu mwenye kilo 80 huhitaji karibu kilo 2 zaidi ya zile zilizomtosha Nairobi, na vazi la mpira jipya nalo linaelea.

Kuna sheria moja inayozidi zote: usibane pumzi. Hewa uliyoivuta mita 10 chini itachukua nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana pa kuipeleka. Pumua mfululizo, polepole. Ukipanda, usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka. Halafu mkono: dole gumba, ambalo sisi tunalitumia kumwambia kondakta kila kitu ni sawa, chini ya maji maana yake ni "tupande". Ukiulizwa kama uko salama, unganisha kidole cha shahada na gumba. Nimewahi kumwona bwana mmoja wa Nairobi akipandishwa juu mara mbili kwa ajili ya furaha yake.

Wakati wa kwenda hutegemea upepo. Oktoba hadi Machi, kipindi cha matlai na kaskazi, bahari hutulia na maji huonyesha mbali. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, kunachafuka, na Juni na Julai mawimbi nje ya mwamba si ya mwanafunzi. Maji yenyewe hayana baridi: karibu nyuzi 25 mwezi wa Agosti, na Machi hukaribia 30. Angalia mwezi pia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji hujaa na kupwa kwa kishindo na mkondo hukimbia. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndizo za anayeanza. Shimoni nilimuuliza nahodha, "Mzee, tunatoka saa ngapi?" akanijibu bila hata kutazama saa, "Mwanangu, maji yaanze kujaa kwanza." Maji yanayoingia kutoka bahari kuu ni masafi; yanayotoka hubeba matope ya mikoko.

Kuhusu mahali, Watamu na Malindi zilitengwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1968, na ziko miongoni mwa za kwanza Afrika. Lakini usiende Malindi mara tu baada ya mvua za Novemba. Mto Sabaki humwaga maji mekundu kaskazini mwa mji, na kaskazi huyasukuma kuelekea kwenye matumbawe. Sabaki ni jina la chini la Mto Athi, ule ule unaopokea maji ya Mto Nairobi yanayopita nyuma ya kibanda changu pale Ngara. Sehemu ya takataka zetu tunakutana nazo tena tukiwa tumevaa miwani. Siku hizo shuka kusini: Diani, au Kisite-Mpunguti unapofika kwa boti kutoka Shimoni, ukipita Wasini, na pomboo huonekana njiani mara nyingi. Nje ya Mombasa kuna meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Imelala karibu mita 30, kwa hiyo cheti cha mwanzo hakikufikishi sakafuni kwake. Ada za hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, basi lipa ukiwa bado na mtandao mzuri. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, beba ya kwako ya kujaza.

Ukishatulia chini, usikimbize samaki. Kaa mahali pamoja. Pono utamsikia kabla ya kumwona, anatafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu, kru, kru, akitafuta mwani. Baada ya muda huachia wingu jeupe nyuma yake. Huo ni mchanga. Sehemu ya fukwe nyeupe tunazopigia picha imepitia tumboni mwake. Kitatange watakuwa wawili wawili. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, atatoa kichwa shimoni akifungua na kufunga mdomo. Hapo anapumua tu, hakutishi, ila usimpe vidole. Pweza mtafute kwa takataka zake: ukiona lundo la magamba ya kaa na kombe mbele ya tundu, subiri. Jicho litatokea kwanza, kisha ngozi itabadilika rangi mbele yako kutoka kahawia hadi kijivu chenye madoa, na wala hajasogea.

Wa kumheshimu ni kikande mkubwa akiwa na mayai. Akisimamisha mwiba wa mgongoni na kukuelekea, usipande juu, kwa sababu eneo analolinda hupanuka kadiri linavyopanda. Ondoka kwa ubavu, karibu na sakafu, ukimtolea mapezi ndiyo ayaume. Kasa ukimkuta anakula majani, mwache apande kuvuta hewa bila kuzingirwa. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hupita kati ya Novemba na Machi, lakini anayekuahidi kwamba utamwona anakuuzia maneno.

Matumbawe ni wanyama hai, na mengine hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na yaliyopona hayahitaji teke lako. Ndiyo maana nasisitiza risasi sahihi: mwenye kuzidisha huburuta miguu chini na kuvunja matawi. Usishike, usisimame juu yake, usichukue hata kombe tupu. Rangi zitakushangaza pia, nyekundu hupotea ndani ya mita chache tu, na ukijikwaruza damu yako itaonekana ya kijani. Beba tochi, nyekundu itarudi.

Jioni, kabla ya kulala, jaza kitabu chako cha mbizi na mwalimu akigonge muhuri. Wengi huandika majina ya samaki tu. Andika kilo za risasi, unene wa vazi, baa ulizoanza nazo na ulizorudi nazo. Safari ijayo, kwa mwalimu mwingine na boti nyingine, hayo ndiyo atakayokuuliza.