Mfarishi, Nyumba na Wajukuu: Kushona Ukiwa Mstaafu Bila Kugombana na Mtu

Ukistaafu, watu wa nyumbani wanakuhesabu kuwa huna kazi. Si kwa ubaya. Wanakuona saa nne asubuhi umekaa na vitambaa mapajani, na kwao mtu mwenye kazi saa hizo huwa keshatoka. Basi unaletewa mtoto umshike kidogo, unaombwa umsubiri fundi bomba, unatumwa hapa na pale. Jioni ukiutazama mfarishi, lile blanketi la viraka, uliokusudia kuuendeleza, uko vilevile ulivyokuwa jana.

Ushauri unaotolewa sana ni kujitengea saa: asubuhi cherehani, mchana kupamba nyumba, jioni familia. Mimi siukubali. Nyumba yenye watu haiendi kwa ratiba ya namna hiyo, na mjukuu mwenye homa hasubiri zamu yake. Nimetunza stoo maisha yangu yote ya kazi, na katika stoo mali haipangwi kwa bei wala kwa ukubwa. Inapangwa kwa jinsi inavyotoka. Inayochukuliwa kila saa inakaa karibu na mlango, inayochukuliwa mara moja kwa mwaka inapanda rafu ya juu. Kazi za kushona nazipanga kwa swali linalofanana na hilo: hii inavumilia kukatizwa kiasi gani? Ukishalijibu, utajua ipi ya kufanya nyumba ikiwa tupu na ipi ya kufanya sebule ikiwa imejaa.

Mfarishi wa viraka una matabaka matatu: sura ya juu iliyoungwa kwa viraka, pamba katikati, na kitambaa kimoja kipana chini. Kutoka kitambaa kizima hadi pindo la mwisho kuna hatua kadhaa, na kila moja ina tabia yake mbele ya watu.

Kukata: funga mlango

Kukata hakuvumilii mtu. Angalia hesabu yake. Ukitaka kiraka cha sentimita 10 kwa 10 kikishashonwa, unakikata sentimita 11.2, kwa sababu milimita 6 kila upande zinaingia kwenye mshono. Sasa chukua mfarishi mdogo wa kujifunika miguu kwenye kochi, viraka 12 kwa upana na 15 kwa urefu: jumla viraka 180, na ukubwa wake sentimita 120 kwa 150. Kila kiraka kikizidi milimita moja tu, safu ya viraka 12 inazidi zaidi ya sentimita nzima. Safu ya pili ikiwa imekatwa siku nyingine, huku kichwa kikijibu simu, hazitakutana hata uzivute vipi.

Kwa hiyo kata vyote kwa mkao mmoja, nyumba ikiwa imelala au imetoka. Tumia rula ileile tangu kiraka cha kwanza hadi cha mwisho, maana rula mbili zinaweza kupishana. Kama una kisu cha gurudumu, chenye wembe wa duara unaozunguka, na ubao wake, mikato inanyooka kuliko ya mkasi, lakini kifunge kila unapokiweka chini, hata kama unakiweka kwa sekunde mbili. Ukimaliza, panga viraka kwa rangi, funga kila fungu kwa uzi, andika idadi juu ya kikaratasi. Hiyo ni stoo, sikatai.

Siku ya kukata ndiyo siku pekee ninayoitangaza. Watoto wangu ni watu wazima na wanaijua. Sisemi "sina nafasi", kwa sababu mstaafu akisema hana nafasi anachekwa. Nasema: "Jumanne asubuhi nakata. Mlete mtoto saa nane, nitakuwa napiga pasi." Ukimpa mtu saa nyingine mkononi, hakuoni mgumu.

Kufua kitambaa kabla ya kukata, kukikausha na kukipiga pasi ni kazi za kufanya hata nyumba ikiwa na kelele. Usiziruke. Pamba husinyaa, na nyekundu na bluu iliyokolea zina desturi ya kutoa rangi. Loweka kipande cha nyekundu pamoja na kitambaa cheupe kisicho na thamani. Cheupe kikitoka cha waridi, rudia kufua, au mwondoe huyo mwekundu kwenye mpango.

Kuunga: acha alama

Kuunga viraka kunavumilia kukatizwa, ila mahali maalumu. Usiondoke kwenye cherehani katikati ya safu. Mimi huweka karatasi ndogo chini ya uzito, karibu na gurudumu la mkono: "Safu ya 7, kiraka cha 4, mishono ilale kulia." Mtu akiita, naandika kwanza, halafu naitika. Nikirudi baada ya saa moja au baada ya wiki, sina haja ya kukumbuka chochote.

Hilo la mishono kulala kulia linastahili maelezo. Mshono wa kiraka una kingo mbili nyuma, na ukizipiga pasi zote zilale upande mmoja, panabaki kijingo, yaani ukingo mdogo ulioinuka. Safu ya kwanza zilaze kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Unapozileta safu mbili pamoja, vijingo vinakutana vikiwa vimeelekeana, vinasukumana na kushikana. Pitisha kidole gumba juu ya makutano: kama kuna tuta, sogeza, ukihisi pamekuwa bapa, choma pini hapo hapo. Pembe nne zitakutana pointi kwa pointi bila kupima. Ninapenda kitendo hicho kuliko chote katika kazi hii, na sijapata mtu nyumbani anayenielewa.

Urefu wa shono uwe milimita 2 hadi 2.5. Badilisha sindano baada ya saa nane hivi za kushona. Ukisikia cherehani inagonga kitambaa badala ya kukitoboa, umechelewa. Na meza ya pasi iweke mbali na cherehani, upande wa pili wa chumba ikiwezekana. Utalazimika kusimama kila baada ya mishono michache, na mgongo wa mtu mzima unahitaji kulazimishwa.

Kutandika matabaka: waite wote

Hatua hii ndiyo pekee inayoomba watu. Kitambaa cha chini, kilichozidi sura ya juu kwa sentimita 10 kila upande, kinatandazwa sakafuni upande wake mzuri ukiangalia chini na kubanwa kwa utepe wa gundi, kimkazo kidogo bila kuvutwa. Juu yake pamba, juu ya pamba viraka vyako. Kila tabaka linalainishwa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Ukiwa peke yako utatambaa kwa magoti nusu siku. Watu wanne kwenye pembe nne wanamaliza wakati chai inachemka. Mimi huisubirisha kazi hii mpaka familia ikusanyike, na yule anayelalamika kwamba babu yuko na vitambaa vyake kila siku ndiye ninayempa pembe ya kwanza. Kisha piga bandi, yaani shono ndefu za muda, au tumia pini za kufunga, moja kila upana wa kiganja.

Pindo: kaa sebuleni

Baada ya kushona kupitia matabaka yote matatu, kwa cherehani au kwa mkono, unabaki na pindo, ukanda wa pembeni unaofunika kingo. Upande wa juu nashona kwa cherehani, wa nyuma kwa mkono. Mfarishi wa sentimita 120 kwa 150 una mzunguko wa mita 5.4, na kwa shono la milimita 4 hizo ni karibu shono 1,350. Hakuna sababu ya kuzifanya chumbani peke yako. Kaa na watu. Mikono inajua njia, masikio yako wazi. Na kuna faida ambayo sikuitarajia: mtu anayeona huwezi kumtazama machoni anazungumza kwa urahisi zaidi. Mwanangu mmoja, ambaye mezani humpati zaidi ya "salama tu", aliyonieleza kuhusu ndoa yake aliyaeleza nikiwa nimeinamia pindo. Sikuinua kichwa. Niliendelea kushona pale pale mpaka akamaliza.

Taa tu iwe nzuri. Jicho la uzeeni linapokea mwanga kidogo kuliko la ujana, kwa hiyo usitegemee balbu ya dari. Taa ya kuinama ikae kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia, la sivyo kivuli cha mkono wako kitaifunika sindano.

Nyumba ni ya wote

Mfarishi ni wako. Ukuta si wako. Hapo ndipo wastaafu wengi wapenda mapambo wanapogombana na wenzao. Jana sebule ilikuwa na mito minne, leo ina tisa, na hakuna aliyeulizwa. Mke wangu aliniuliza siku moja, "Mzee, hiki chumba ni cha kulala au cha kushonea?" Tulikubaliana mipaka tangu hapo: kazi yangu inaishia kwenye ukingo wa zulia, meza ya kulia chakula inakuwa tupu kabla ya chakula, ubao wa kukatia unalala chini ya kitanda. Katika rangi za kuta, yeye ana kura moja na mimi moja, na mmoja akikataa rangi imekataliwa.

Njia nzuri ya kupunguza mvutano ni kuacha kuona kushona na kupamba kuwa mambo mawili. Anza na mfarishi. Ukishautandika, chagua humo rangi mbili: ile tulivu iende ukutani au kwenye pazia, ile kali iende kwenye vitu vidogo, mto mmoja au kivuli cha taa. Usipake ukuta kwa kuamini kikaratasi cha dukani. Paka rangi kwenye ubao mwepesi wa ukubwa wa gazeti lililofunuliwa, usogeze ukuta kwa ukuta, uutazame asubuhi na uutazame tena usiku chini ya taa. Hapo mwenzako anapiga kura kwa kitu anachokiona.

Pazia linataka kitambaa chenye upana mara mbili ya fimbo yake, angalau mara moja na nusu, vinginevyo likifungwa linaonekana kama shuka limeanikwa. Foronya ya mto wa kochi ikate ndogo kuliko mto kwa sentimita 2 au 3 ili ujae vizuri kwenye pembe. Mabaki ya viraka yanatosha foronya, usinunue kitambaa kipya kwa hilo. Chumba kimoja kwa wakati mmoja, na ngazi usipande kama uko peke yako nyumbani.

Ukitaka kutundika mfarishi ukutani, shona nyuma yake, upande wa juu, mfuko mrefu wa upana wa sentimita 10 na upitishe fimbo. Hivyo uzito unagawanyika, lakini misumari miwili tu kwenye pembe itauvuta mpaka utoke umbo. Usiuelekeze kwenye dirisha la jua, rangi zitapauka. Mifarishi inayohifadhiwa kabatini ifunge kwa kitambaa cha pamba, si kwa plastiki, na ibadilishe mikunjo mara kwa mara.

Wajukuu na pini

Pini nunua zenye vichwa vya rangi. Zihesabu zikitoka kopo na zihesabu zikirudi. Sumaku iliyofungwa kwenye uzi ipitishe sakafuni kabla ya mtoto kuruhusiwa kuingia. Sindano haichomekwi kwenye mkono wa kochi hata kwa dakika moja.

Kisha mpe mtoto kazi ya kweli. Mdogo atenganishe viraka vya rangi nzito na vya rangi nyepesi. Akishindwa kuamua, pigeni picha kwa simu mkaigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe, mtaona mara moja ipi nzito na ipi nyepesi, jambo ambalo hata mimi rangi hunidanganya. Kwa mkubwa kidogo, toa uzi kwenye cherehani, mpe karatasi yenye mistari, afuate mstari kwa sindano tupu. Matundu yanasema kila kitu. Akiweza kupita mistari yote bila kutoka nje, mrudishie uzi. Wakipanga viraka na wekundu wawili wakakaa pamoja, waache. Huo ni mfarishi wao.

Zawadi zinahitaji ukali kidogo. Ndugu wakijua unashona, kila harusi na kila mtoto anayezaliwa atakuja na matarajio. Weka orodha, anayeomba kwanza aanze, na usimshonee asiyeomba. Mtu asiyependa viraka atauweka chini ya kabati na wewe utaumia moyo. Uliza vipimo vya kitanda kabla ya kugusa mkasi. Nyuma, kwenye pembe ya chini, shonea kipande cheupe kilichoandikwa kwa wino usiofutika: mwaka, nani kashona, na jinsi ya kufua, maji baridi, hakuna dawa ya kung'arisha, kuanika kivulini. Mkwe wangu alikisoma kipande hicho chote, kisha akaniuliza kama paka anaruhusiwa kulala juu yake. Anaruhusiwa.