Kichujio kibichi ndicho kinachowaua samaki wenu

Tangu kaskazi ianze nimeitwa nyumba kadhaa hapa Tanga mjini, kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone, na kote nimekuta jambo lile lile. Tangi la kioo la samaki wa bahari ni jipya, maji yamefifia kama yaliyotiwa tone la maziwa, na samaki wamekufa kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili. Wenye nyumba wanataja ugonjwa, wengine wanamlaumu muuza samaki. Si ugonjwa, na muuzaji hana kosa. Samaki wametiwa kwenye tangi ambalo kichujio chake bado kibichi, yaani hakijaota bakteria wa kusafisha maji, kisha wakalishwa kama kuku.

Kuunganisha mabomba, kuosha mchanga na kusawazisha meza mnajua, sitarudia hapa.

Mama mmoja wa Raskazone alinipokea kwa swali ninalolisikia kila mara. "Bwana samaki, maji haya nimechota bahari hii hii, na samaki wametoka bahari hii hii. Mbona wanakufa?" Nikamwambia, mama, tuanze na kichujio. Kijana wake akaitoa sponji. Ilikuwa safi, ya njano kama siku ilipotoka dukani, na nilipoisogeza puani ikanukia sabuni ya unga. Alikuwa anaiosha bombani kila Ijumaa. Pembeni mwa tangi palining'inia kimfuko cha uduvi, nusu kimekwisha, na tangi lenyewe lina siku tisa. Samaki wanne waliobaki walikuwa wamepanda juu kabisa, wanatweta, mashavu (matamvua ya kupumulia) yamefunguka. Nilipima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki: miligramu 1.5 kwa lita. Inayotakiwa ni sifuri.

Jibu la swali la mama ni hili. Bahari ina maji yasiyo na kipimo, na kila jiwe na kila punje ya mchanga imevaa bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Tangi lako lina lita 200 na mawe makavu. Samaki akila, anatoa amonia kupitia mashavu na mkojo. Chakula kisicholiwa nacho kinaoza na kutoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo na wewe unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi pamoja na pampu. Wanaota wenyewe juu ya mawe na sponji, polepole, na kwa joto letu la pwani huchukua wiki nne hadi sita. Kabla ya hapo ulichonacho ni pampu inayozungusha sumu.

Waliowahi kufuga perege bwawani ndio wanaonibishia zaidi, kwamba wao walitia vifaranga siku ya pili na hawakufa. Maji ya bahari ni jambo jingine. Kwa pH (kipimo cha ukali wa asidi au ubesi wa maji) ya 8.2 na joto la nyuzi 28, sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyomo kwenye maji yasiyo na chumvi ya pH 7 yenye joto hilo hilo. Kiasi ambacho perege hakihisi, samaki wa mwambani kinamuunguza mashavu.

Sasa tuiveshe kichujio, na naomba vipimo vifuatwe kama vilivyo. Mfano wangu ni tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 45, ambalo ukishatoa nafasi ya mawe linabaki na lita 200 za maji pamoja na tangi la chini, lile dogo la kichujio. Chukua kamba mbichi mmoja, mmenye, mpime: gramu 12. Mfunge kwenye kipande cha chandarua, umtundike ndani ya maji, uwashe pampu na uzime taa. Taa ikiwaka wakati huu utalima mwani, si bakteria. Kwa nini gramu 12? Nyama ya kamba ina protini kama asilimia 20, na protini ina naitrojeni, ambayo ndiyo hugeuka amonia, kama asilimia 16. Gramu 12 zinatoa takribani gramu 0.38 za naitrojeni, yaani miligramu 380. Gawanya kwa lita 200, unapata karibu miligramu 2 kwa lita, na hicho ndicho chakula cha kuwaanzishia bakteria. Ukitia kamba watano ili "iwahi", utapata maji yanayonuka na bakteria watakaochelewa, kwa sababu amonia ikizidi sana inawazuia hata wao wenyewe.

Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, saa ile ile, uandike kwenye daftari. Amonia itapanda, itasimama, itashuka. Nitriti itapanda baada yake, na hapa ndipo watu wanapochoka, maana nitriti inaweza kukaa juu wiki mbili nzima huku maji yanang'aa kama ya kisimani. Maji kung'aa si kipimo! Nimeona tangi lenye maji maangavu kabisa likiua samaki sita kwa usiku mmoja.

Zikishuka zote mbili mpaka sifuri, usikimbilie kununua samaki. Fanya jaribio la mwisho. Nunua kloridi ya amonia safi kwenye duka la kemikali za maabara, yeyusha gramu 13 kwenye lita moja ya maji, kisha pima mililita 100 za maji hayo umimine tangini jioni. Hiyo ni gramu 1.3, itapandisha amonia karibu miligramu 2. Kesho yake saa ile ile pima tena. Amonia sifuri na nitriti sifuri ndani ya saa 24, kichujio kimeiva. Hata kama imebaki 0.5, bado. Rudia wiki ijayo. Mbolea ya dukani isitumike kwa kazi hii, kwa sababu hujui kimechanganywa nini ndani yake.

Ipo njia ya mkato moja tu iliyo halali: kumwomba mwenye tangi lililokomaa akugawie sponji au mawe yake. Yabebe ndani ya ndoo ya maji ya bahari, yasikauke, yaingie tangini siku hiyo hiyo. Wiki sita zinaweza kushuka hadi mbili. Hata hivyo jaribio la mwisho lifanyike.

Mawe yenyewe yawe matumbawe makavu ya machimbo ya nchi kavu, yale wanayojengea nyumba za mwambao. Yana vitundu vingi na ni chokaa, hivyo hayaharibu pH. Matumbawe hai usiyavunje baharini. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kusini ya mji huu tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) tangu 2009. Tangi la sebuleni halistahili jiwe lililochukua miaka mingi kukua.

Mpangilio wa tangi la chini: maji yapite kwanza kwenye kitambaa au pamba ya kunasa takataka, halafu kwenye mtambo wa kuengua povu (unaonasa uchafu kwa viputo vya hewa), halafu kwenye mawe, ndipo pampu iyarudishe juu. Pampu ipeleke lita 1,000 hadi 1,500 kwa saa. Msisome karatasi ya boksi! Pampu iliyoandikwa 2,000 ikipandisha maji zaidi ya mita moja inaweza kupoteza hata nusu. Kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la kurudishia na uangalie saa. Ikijaa kwa sekunde 30, unapata lita 1,200 kwa saa, na hapo sawa. Ikichukua dakika nzima, unapata lita 600, badilisha pampu.

Pamba ya mwanzo ioshwe kila siku ya tatu, bombani ni ruhusa, kwa sababu kazi yake ni kunasa mabaki, na mabaki yakikaa yanaoza. Sponji na mawe ya bakteria hayaguswi na maji ya bomba, kwani klorini inawaua. Sabuni ndiyo kabisa. Sponji ikamuliwe mara moja kwa mwezi ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, nusu yake tu. Nusu nyingine mwezi ujao. Umeme ukikatika, bakteria nao wanakosa hewa, kwa hiyo weka pampu ya hewa ya betri na siku hiyo usilishe.

Turudi kwenye uduvi wa yule mama. Konzi moja ya uduvi mbichi ni kama gramu 10. Kwa hesabu ile ile ya juu, ukioza wote kwenye lita 200 unatoa miligramu 1.6 kwa lita. Kijana alikuwa anatia konzi asubuhi na konzi jioni kwa samaki sita wasiozidi kidole, "kwa sababu wanaomba". Samaki ataomba kila akiona kivuli chako. Tumbo lake ni kubwa kama jicho lake, si zaidi.

Kichujio kikishaiva, tia samaki wawili wadogo tu, ukae wiki mbili kabla ya kuongeza wawili wengine, maana bakteria huongezeka kadiri uchafu unavyoongezeka. Kwa hao wanne kipimo ni gramu moja ya kamba au uduvi kwa siku, umekatwa vipande vidogo kuliko mdomo wa samaki, umeyeyushwa barafu na kusuuzwa kwenye chujio la chai, maji yake yamwagwe. Gawa mara mbili, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Simama uangalie: baada ya dakika mbili kilichobaki kitolewe kwa kimia. Samaki wanaokula mwani, kama kitatange wa aina fulani, wafungiwe jani la mwani wa kijani kwenye kibanio, litolewe jioni. Tasi asifugwe sebuleni. Anakua mkubwa, na miiba yake ina sumu.

Amonia ikionekana hata 0.25, nusu ya maji ibadilishwe, na chakula kisimame siku mbili. Samaki mwenye afya hafi kwa kufunga siku mbili. Maji ya kubadilishia, lita 20 kila wiki, yachotwe kwa ngalawa nje ya bandari maji yakiwa yamejaa, mbali na mto Zigi unapomwaga, na wakati wa masika pima chumvi kabla hujajaza dumu: gramu 35 kwa lita, au takribani 1.026 kwenye haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa maji ya chumvi). Maji yanayopungua tangini kwa joto yarudishwe kwa maji ya mvua, si ya bahari. Kinachoruka ni maji, chumvi inabaki. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha usawa, ujaze kila asubuhi. Joto likipita nyuzi 29, elekeza feni juu ya maji.

Samaki wakila papo hapo, wakiogelea katikati ya tangi na mashavu yakienda polepole, mambo ni mazuri.

Kwa nyumba zenye watoto na wageni, ambako kila mmoja analisha kwa huruma yake, pima chakula cha wiki nzima Jumapili, ukigawe kwenye vifurushi saba vya gramu moja moja, uviweke kwenye kopo ndani ya friza. Kifurushi cha leo kikishafunguliwa, kopo lifungwe mpaka kesho.