Kuchagua Mabuti na Vifungo vya Skii ya Slalomu

Anayecheza slalomu, yaani kuteleza majini kwa skii moja huku akizunguka maboya, hushikana na boti kwa kamba, lakini hushikana na skii yenyewe kwa miguu, na kila analoiamuru skii ifanye hupitia kwenye buti na kwenye bamba lililofungwa chini ya buti hilo. Kifungo, yaani buti pamoja na bamba lake, kina kazi mbili zinazovutana: kuushika mguu barabara mtelezaji anapolala ubavu kuzunguka boya, na kuuachia mguu huo huo bila kusita anapoanguka. Wanunuzi wengi huipima kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Mimi nashauri uanze na ya pili, kwa kuwa kona iliyokosewa hurudiwa baada ya dakika chache, ilhali kano ya kisigino iliyokatika humweka mtu nje ya maji kwa miezi mingi.

Hata hivyo, kazi ya kushika si ndogo. Njia ya mashindano ina urefu wa mita 259 na maboya 6 ya kuzungukwa, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwa mwendo wa juu wa wanaume, ambao ni kilomita 58 kwa saa, boti huimaliza njia hiyo kwa takribani sekunde 16, na ndani ya muda huo mtelezaji hana budi kugeuka mara 6. Kisigino kikiinuka ndani ya buti hata kidogo, mguu hugeuka kwanza na skii hufuata baadaye, na ucheleweshaji huo hukua kutoka boya hadi boya mpaka kamba inalegea na mwili unapoteza mkao.

Kabla ya kununua chochote, ujue mguu wako wa mbele. Njia ninayoiamini ni kuteleza kwa skii mbili, kisha kuinua mguu mmoja kidogo juu ya maji na baadaye mwingine. Mguu unaokubeba kwa utulivu zaidi unapobaki peke yake ndio utakaokaa mbele. Uamuzi huu usifanyike dukani, maana mabuti mengi ya slalomu hutengenezwa kwa ajili ya mguu wa kushoto au wa kulia.

Mabuti ya mbele yako ya namna kuu mbili. Kuna buti laini la mpira, ambalo siku hizi mara nyingi huwa na kamba za kukazia kama kiatu cha michezo, na kuna buti gumu lenye ganda la plastiki au kaboni na bitana laini ndani yake. Buti laini huuacha mguu uchomoke wenyewe anguko linapouvuta kwa nguvu ya kutosha; huvaliwa bila taabu na humsamehe anayejifunza. Buti gumu halinyumbuki kwa ubavu, kwa hiyo skii huitikia papo hapo, lakini mguu hauwezi kuchomoka ndani ya ganda lililofungwa. Ndiyo maana buti gumu lazima liwe na utaratibu wake wa kujifungua: ama kishikio chenye springi kinachoachia kisigino, ama bamba zima linalobanduka kutoka kwenye skii likiwa limebeba mabuti. Ukiuziwa ganda gumu lililokazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye skii bila utaratibu wowote wa kuachia, usilinunue, hata likiwa la bei nafuu.

Kwa mguu wa nyuma utachagua kati ya mkanda wa vidole na buti kamili. Mkanda hushika sehemu ya mbele ya wayo tu, na kisigino hubaki wazi. Mkanda humfaa sana anayeanza, kwa sababu anaweza kuuacha mguu wa nyuma ukielea majini akiinuka kutoka kwenye kina, kisha akauingiza skii ikishatulia. Buti la pili huongeza uthabiti na huzuia kisigino cha nyuma kuinuka, tabia inayowasumbua wengi wanapovuka mawimbi ya boti. Lakini hapa ipo hatari inayopaswa kueleweka vizuri: mguu mmoja ukitoka na mwingine ukabaki, skii huwa wenzo mrefu unaosokota kifundo na goti la mguu uliobaki. Atumiaye mabuti mawili ahakikishe kwamba yote mawili hutoka au yote mawili hubaki, na njia ya uhakika zaidi ni kuyaweka juu ya bamba moja linalobanduka kwa pamoja.

Utaratibu wa kujifungua ujaribiwe nchi kavu kwanza. Anza na mkazo wa chini katika kipimo kilichopendekezwa na mtengenezaji kwa uzito wako, vaa buti, mwenzako aishikilie skii chini, kisha egemea mbele polepole mpaka kifungo kiachie. Ongeza mkazo kidogo kidogo pale tu kifungo kinapofunguka bila anguko, wala usiige kipimo cha mtu mwingine.

Sasa kuhusu kutosha kwa buti, jambo ambalo sichoki kulirudia. Livae mguu ukiwa umelowa, kwa kuwa ndivyo utakavyolitumia. Kaza kamba za chini zikumbatie wayo, uziache za juu ziwe na ulegevu kidogo, kisha kunja magoti mbele mpaka ugoko uegemee ulimi wa buti. Mwenzako ashike nyuma ya buti kwa kidole gumba huku wewe ukijaribu kuinua kisigino: asihisi kisigino kikipanda. Vidole viguse mbele bila kukunjika. Kaa hivyo dakika tano. Ganzi ikiingia, buti linabana mno. Ukishindwa kukunja kifundo mbele, buti ni gumu kuliko uwezo wako, na utajikuta umekaa nyuma, mkia wa skii umezama na mgongo umepinda kiunoni.

Unapofunga, pima kutoka mwisho wa mkia wa skii hadi nyuma ya kisigino cha buti la mbele, na uanzie pale mtengenezaji wa skii anapoelekeza. Andika kipimo hicho. Buti likisogezwa mbele, sehemu kubwa zaidi ya ncha huingia majini na skii hugeuka kwa ukali. Likirudishwa nyuma, ncha hupanda na kona hupanuka. Sogeza tundu moja kwa wakati mmoja, uteleze mara kadhaa, ndipo uamue.

Kwa kuvaa mpira unaobana, tumia kilainishi kinachoyeyuka majini. Mafuta na grisi huuozesha mpira. Jua nalo huukausha, hivyo hifadhi mabuti kivulini, na uyakague kila mara kwenye mishono na pale mpira unapokutana na bamba, kwa kuwa mpasuko huanzia hapo. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, nazo zikazwe kwa bisibisi ya mkono, maana mashine huharibu nyuzi za matundu ya skrubu yaliyo ndani ya skii. Baada ya kukaza, chora kwa rangi mstari mwembamba unaotoka juu ya kichwa cha kila skrubu na kuendelea kwenye bamba. Siku utakapouona mstari huo umekatika na nusu zake hazitazamani tena, skrubu imelegea, nawe usiingie majini kabla ya kuikaza.