Mkuu mpya ameletwa, nyinyi mmerukwa: hoji hivi

Kitengoni kwetu, taasisi ya usalama ya serikali hapa Kenya, tumeletewa mkuu asiyejua hata zamu ya usiku inavyopangwa. Una haki ya kukasirika, ila usiimwage hasira kwenye grupu la WhatsApp. Picha ya skrini itamfikia bosi kabla ya chai ya saa nne.

Tafuta tangazo la nafasi hiyo. Je, lilitoka? Lilidai uzoefu gani? Nakala iweke nyumbani pamoja na barua zako za tathmini.

Kisha andikia taasisi barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika. Taja Ibara ya 232 ya Katiba, inayotaka ushindani wa haki na ustahili katika uteuzi. Omba vigezo vilivyotumika na alama zako mwenyewe za usaili, basi. Ukigusa operesheni watajificha nyuma ya usalama wa taifa, na hapo kusema kweli sheria iko upande wao.

Peleka nakala mbili masjala. Moja igongwe muhuri wenye tarehe, uondoke nayo. Siku 21 zikipita kimya, nenda nayo kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.