Somo: Namna ya kupima mafuta kwenye kovu la operesheni

Wengi mmeniuliza kama mafuta ya CBD, yatokanayo na mmea wa bangi, kweli yanafuta kovu la operesheni. Nitayafikia. Ila kabla ya kuuliza mafuta gani, kuna jambo linalowachanganya watu wote, wasomi wakiwemo: kovu hubadilika lenyewe. Mshono ukishafunga, mwili unaendelea kupanga upya nyuzinyuzi za ngozi kwa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Miezi ya mwanzo kovu huwa gumu na lililoinuka, halafu polepole linalainika na kushuka. Sasa mtu anaanza kupaka mafuta mwezi wa tatu, mwezi wa nane kovu limelala, sifa zote anapewa muuza mafuta. Aliyefanya kazi ni mwili wake mwenyewe.

Kwa hiyo usipake kovu zima. Nusu ipate mafuta unayotaka kuyajua, nusu ipate kitu cha kawaida, kovu lishindane na lenyewe. Mwili ni ule ule, chakula kile kile, daktari aliyeshona ni yule yule.

Hatua ya kwanza: subiri kidonda kifunge kweli
Nyuzi zimetoka au zimeyeyuka, hakuna gamba, hakuna majimaji. Aliyejifungua kwa operesheni namwambia angoje kliniki ya siku ya 42, aangaliwe, ndipo aanze. Mshono wenye usaha, harufu au joto haupimwi mafuta. Unapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: jaribu mkononi
Paka tone upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku 7. Maelezo ya kwenye boksi yatakwambia utazame wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi haujionyeshi. Tafuta doa lililokoza kuliko ngozi ya jirani, vipele vidogo ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona, joto, na muwasho unaokuja usiku. Ukipata kimojawapo, mafuta hayo si yako. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu mafuta "ni ya asili". Upupu nao ni wa asili.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Miami, Marekani, juu ya vitamini E, ambayo hata leo inasifiwa kila duka la vipodozi. Watu 15, makovu yao yakagawanywa sehemu mbili, moja mafuta matupu, nyingine mafuta yale yale yenye vitamini E. Asilimia 90 vitamini haikusaidia au ilizidisha ubaya, na theluthi moja ya watu walipata mzio wa ngozi. Bila kugawa kovu, wengi wao wangeondoka wakiisifia.

Hatua ya tatu: gawa kovu
Tafuta katikati, acha upana wa vidole viwili bila kupaka chochote, maana mafuta hutembea chini ya nguo. Upande wa kupata mafuta usiuchague mwenyewe, kwani utachagua ule ulio mzuri tayari. Rusha shilingi 200: ikitoka Karume, kulia, wakitoka simba, kushoto. Imekwisha hiyo.

Upande wa pili upake nini? Hapa ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapoharibikia. Ukiuacha mkavu, umelinganisha ngozi iliyokandwa na isiyokandwa, yenye unyevu na isiyo nao. Kwa upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti, ngozi kavu itashindwa na mafuta yoyote, hata ya kukaangia. Upande huo nao upakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Na kama unapima mafuta yaliyochanganywa na kitu, tumia mafuta ya msingi yale yale bila hicho kitu. Mathalani unataka kujua kama majani ya mlonge yana faida: upande mmoja alizeti iliyolowekwa mlonge ikachujwa, upande mwingine alizeti tupu ya dumu lile lile. Hapo unaweza hata kumwomba mdogo wako ajaze chupa mbili zinazofanana, aandike A na B, akufiche siri mpaka mwisho. Sharti asiwe mropokaji.

Hatua ya nne: kukanda
Kidole gumba, mizunguko midogo, asubuhi na jioni, muda na nguvu sawa pande zote. Nawa mikono unapohama upande.

Hatua ya tano: picha na daftari
Piga picha kila baada ya wiki mbili, si kila siku. Simama mahali pale pale, karibu na mlango, asubuhi, jua lisikupige moja kwa moja, rula ikiwa kando ya kovu. Zima ile kamera ya kurembesha ngozi. Kisha fumba macho, pitisha kidole, andika kwa kila upande: muwasho kati ya 0 na 10, ugumu, mwinuko, rangi. Muwasho usiupuuze; kovu linaweza kupendeza kwenye picha na bado likakunyima usingizi.

Hatua ya sita: wiki 12, ndipo hukumu
Mpe picha mtu asiyejua upande upi ulipata nini, aseme upi bora. Akishindwa kutofautisha, mafuta hayajafanya kitu, hata yawe ya bei gani.

Sasa CBD
Ni kemikali mojawapo ya mmea wa bangi. Inayolevya ni nyingine, THC. Wanaoisifia kwa makovu hurejea utafiti wa Italia wa 2019: wagonjwa 20, kumi kati yao wa makovu, walipaka marhamu ya CBD mara mbili kwa siku kwa miezi mitatu, ngozi zao zikaonekana kuwa nzuri zaidi. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha wala upande wa pili wa kovu. Miezi mitatu kovu hubadilika lenyewe, tulishasema. Hivyo sipingi wala siafiki. Naona tu kwamba swali halikuulizwa vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mahali anapotoka)

Kongwa: Sista, shikamoo. Dada yangu yuko Marekani, anataka kunitumia chupa ya CBD. Huko ni halali.
Jibu: Marahaba mwanangu. Huko tangu 2018 wanaruhusu mmea wenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, nayo inakataza bangi. Mwambie asitume. Tena usiamini lebo: mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni, 26 tu ndizo zilizokuwa na kiwango kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC. Kwa hela hiyo hiyo ulizia jeli au plasta ya silikoni famasi. Tangu 2002 miongozo ya kimataifa ya makovu inaitanguliza, na plasta yake hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi. Na hiyo pia ipime kwa nusu.

Chamwino: Langu limevimba mpaka limetoka nje ya mstari wa mshono, linawasha. Nipime mafuta gani?
Jibu: Hakuna. Kovu nene linalobaki ndani ya mstari laweza kushuka lenyewe, ila linalovuka mpaka ni keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi. Nenda kwa daktari wa ngozi, kuna sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya kovu. Usikubali kukatwa tu bila tiba nyingine, hurudi, mara nyingi kubwa zaidi.

Kondoa: Mama mkwe anasisitiza samli. Kovu langu lina miaka tisa.
Jibu: Mama mkwe asibishiwe, apimwe. Kovu la miaka tisa limeshatulia, halibadiliki lenyewe, kwa hiyo ukiona tofauti baada ya wiki 12 ni ya samli kweli. Ila sitarajii kubwa. Nzi utawavumilia mwenyewe.

Area C: Kuna krimu inang'arisha kovu ndani ya wiki mbili, sokoni ipo.
Jibu: Kinachong'arisha kwa kasi hiyo mara nyingi ni haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Viwili vya kwanza vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, cha tatu hukondesha ngozi. Weusi wa kovu jipya unazidishwa na jua, lifunike kwa nguo.

Mpwapwa: Mimi ni mwanaume, nilipasuliwa tumbo, kovu limesimama wima hadi chini ya kitovu.
Jibu: Gawa juu na chini, lakini fahamu kwamba nusu ya chini inasuguliwa na mkanda na kupata jasho zaidi, hivyo pambano si la haki. Kwa wiki hizo 12 vaa suruali ya lastiki laini, na tofauti ikiwa ndogo usiihesabu.