SOMO: Namna ya kuuzunguka mji wa St. Augustine, Florida, bila mfuko kutoboka

Wakuu, kila likizo ikikaribia simu yangu haipoi. "Tunashuka Florida na watoto, Orlando hatuiwezi, huko kwenu kuna nini?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia huu uzi.

Naishi Jacksonville, maili kama 40 kaskazini ya St. Augustine, na mgeni yeyote anayefikia kwangu lazima nimpeleke huko. Kwa asiyeujua, ni mji wa Wahispania. Pedro Menéndez de Avilés aliuanzisha mwaka 1565 na watu wameishi humo mfululizo hadi leo. Bendera ya Marekani imepanda hapo mwaka 1821 tu. Kabla yake Wahispania walikaa zaidi ya karne mbili, ukitoa miaka ishirini hivi ya Waingereza katikati.

Hatua ya 1: Siku. Nenda katikati ya wiki. Jumamosi za Desemba, mji ukiwa umewashwa taa za sikukuu, ni nzuri kwenye picha za wenzako.

Hatua ya 2: Paking. Hapa ndipo hela huvuja. Barabara za mjini kati zina mita, unalipa kwa simu kwa kuingiza namba ya eneo na namba ya gari. Soma kibao cha upande ULIOSIMAMA wewe, si cha ng'ambo, na hakikisha namba ya gari uliyoihifadhi kwenye simu si ya gari lile uliloliuza. Kuna mitaa ya wakaazi wenye vibali tu, usijifanye hukuona. Kama mnakaa siku nzima, ingieni jengo la maegesho lililo karibu na kituo cha wageni, mlipe mara moja, msahau gari. Vyoo vipo hapo kituoni.

Hatua ya 3: Castillo de San Marcos, ngome kubwa ya mawe ya Wahispania. Dola 15 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 15 kushuka chini bure, na tiketi inatumika siku saba. Hiki ndicho kiingilio pekee ninachowaambia watu walipe bila kusitasita. Ilijengwa 1672 hadi 1695 kwa mawe yaitwayo kokina, ambayo ni makombe ya baharini yaliyogandamana yakawa mwamba. Sogea ukutani uangalie: utaona kombe moja moja, dogo kama ukucha wa mtoto. Waingereza wa Carolina, koloni lao la kaskazini, walipoizingira mwaka 1702, watu wa mji mzima walijifungia humo siku kama 50. Tufe la mzinga likipiga lilizama ukutani, halikuupasua. Mji wenyewe nje ulichomwa moto, ndiyo maana nyumba kongwe mnazoziona mtaani ni za baada ya hapo. Msiukwangue ukuta, na msiwapandishe watoto juu yake kwa ajili ya picha.

Hatua ya 4: Mji, kwa miguu. Egesheni na mtembee, mji wa kale ni mdogo. Bila kulipa chochote mtaona: lango la mji (1808), St. George Street isiyoingia magari, kanisa kuu la miaka ya 1790, uwanja wa Plaza wenye mnara wa katiba ya Hispania ya 1812, na ukumbi wa mbele wa Flagler College, iliyokuwa hoteli ya Ponce de León ya 1888. Ingieni na muinue macho darini. Kaskazini kidogo kuna Mission Nombre de Dios yenye msalaba wa futi 208, nayo bure.

Hatua ya 5: Fort Matanzas. Hii isomeni polepole maana mimi iliniadhibu.

Ni ngome ndogo ya 1742, maili kama 15 kusini, ipo kisiwani. Kuingia bure, na boti ya kukuvusha bure. Neno "bure" ndilo lililonilevya. Nilimchukua mama mkwe, mke na watoto watatu, tukafika karibu saa sita mchana wa Julai. Badala ya kwenda dirishani kuchukua pasi za boti, nikaanza mbwembwe: picha kwanza, halafu choo, halafu kijinjia cha mbao cha porini ambako mbu walitupokea kwa shangwe. Tunarudi dirishani, pasi za boti inayofuata zimekwisha. Tukapewa za saa moja mbele. Tumekaa, ikabaki dakika kumi, radi ikapiga mbali huko, na radi ikipiga boti haitembei. Tukangoja. Ikapiga tena. Tukaishia kula pilau ndani ya gari vioo vikiwa na ukungu, mvua inatwanga. Mama mkwe akatazama ng'ambo ya mto, akasema taratibu, "Si haba mkwe wangu, tumeuona kwa mbali, kama mwezi mwandamo." Hadi leo akipiga simu ananiuliza kama nimeshavuka.

Kwa hiyo: (a) kabla ya kuwasha gari angalia tovuti yao kama boti inakwenda siku hiyo, (b) ukishuka kwenye gari, PASI KWANZA, choo baadaye, (c) kiangazi nenda asubuhi, Florida mvua za radi huja mchana, (d) dawa ya mbu, si hiari.

Hatua ya 6: Fort Mose. Hutamkwa "Mosei". Maili mbili kaskazini ya Castillo. Viwanja bure, makumbusho dola 2. Wengi wenu mnaparuka, na mnanikera. Mwaka 1687 walifika St. Augustine wanaume 8, wanawake 2 na mtoto anayenyonya, wametoroka utumwani Carolina kwa mtumbwi. Wahispania walikataa kuwarudisha. Wakaendelea kuja, na mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano akawapa mahali pao, kijiji chenye ngome, kwa sharti la kubatizwa na kushika silaha. Kiongozi wa askari wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka aliyezaliwa Afrika Magharibi. Ngome ya awali imebaki chini ya tope la bwawa, lakini sasa wamejenga mfano wake, unaingia na kuishika miti yake.

Hatua ya 7: Chakula. Boksi la barafu, maji, chapati. Mengine juu yako.

---

MASWALI

Kibopa wa Dallas: Shukrani mkuu. Kiingilio cha hiyo ngome kubwa ni bei gani?

Mleta mada: Hatua ya 3, mstari wa kwanza.

Dada Houston: Mbona hukutaja vile vibasi vya utalii vyenye kupiga hadithi? Tuliambiwa bila hivyo huuoni mji.

Mleta mada: Waliokuambia ndio wanaouza tiketi. Sijasema ni vibaya. Kama una mzee asiyeweza kutembea, panda. Lakini kutoka lango la mji hadi Plaza ni mwendo wa dakika kumi, na somo hili ni la wasio na hela.

Mvita Asilia: Kaka, hayo mawe ya makombe yamenikumbusha kwetu. Fort Jesus si nayo ni mawe ya baharini? Kuna uhusiano?

Mleta mada: Swali tamu hili. Fort Jesus Wareno waliianza 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Cairati, na imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Castillo ilichorwa na mhandisi Ignacio Daza miaka karibu themanini baadaye. Zote zina ngome za pembeni zilizochongoka, mtindo uliotoka Italia, ili mizinga ifagie kila upande wa ukuta. Jiwe ndilo linalotofautiana: letu ni matumbawe, lao ni makombe. Lakini chokaa ni ndugu! Sisi tulichoma matumbawe kwenye tanuru, wao walichoma maganda ya chaza. Mimi ni wa Bagamoyo, nimekua nikichezea kuta za Kaole, na siku ya kwanza nilipogusa ukuta wa Castillo vidole vilikumbuka kabla ya akili. Ukitaka kuona mawe yalikochimbwa, vuka daraja la simba uende Anastasia State Park, dola 8 gari zima, machimbo ya zamani yapo na ufukwe upo.

Jicho Kali: Yaani unatupeleka kutalii mji uliouza watu weusi na unausifia?

Mleta mada: Umesoma hatua ya 6 au umesoma kichwa cha habari? Utumwa ulikuwepo, na Wahispania nao walikuwa na watumwa mjini humo humo. Sijauficha. Ukiwa Plaza kuna banda la soko la zamani ambalo watu weusi wa mji wanalikumbuka kama soko la watumwa, na hatua chache tu kuna mnara wa waliotembea kudai haki. Juni 1964 Martin Luther King alikamatwa hapo mjini kwenye ngazi za hoteli, na wiki iliyofuata meneja akamwaga asidi kwenye bwawa wakiwa weusi na weupe wanaogelea pamoja. Hoteli imebomolewa, ngazi zimeachwa. Tembea pia Lincolnville, mtaa ulioanzishwa na watu walioachiwa huru mwaka 1866. Vibao viko mbele ya nyumba, kusoma ni bure.

Jicho Kali: Hilo la ngazi sikulijua. Samahani mkuu.

Mleta mada: Yamekwisha.

Mama Watatu: Nina nyongeza. Mwenye mtoto wa darasa la nne asilipe Castillo. Kuna pasi ya bure ya hifadhi za taifa kwa wanafunzi wa darasa hilo, mtoto anaichukua mtandaoni, mnaichapisha, inaingiza watoto alio nao na watu wazima hadi watatu.

Mleta mada: Dada, binti yangu yuko darasa la sita. Sitamwambia mke wangu.

Mama Watatu: 😂 Na ile pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa, ya dola 80 kwa wakaazi wa Marekani?

Mleta mada: Ipo, inapokelewa, inaingiza mwenye nayo na watu wazima watatu. Kwa Castillo peke yake haikulipi. Ukiwa na safari ya hifadhi nyingine mwaka huo, nunua.

Kibopa wa Dallas: Na ile chemchemi ya ujana ikoje? Ukinywa unarudi kijana?

Mleta mada: Unakunywa maji yanayonuka kiberiti, na kiingilio kinazidi cha Castillo. Hata hivyo eneo lenyewe lina historia ya kweli, wachimbaji wamekuta hapo kambi ya kwanza ya Menéndez kwenye kijiji cha Watimucua, wenyeji wa asili wa hapo. Kama una hela ya ziada, nenda kwa hilo.

Bi Mkubwa Ohio: Mwanangu, shikamoo sitaki, nataka kujua ile supu yao ya chaza. Sisi Waislamu tunaweza?

Mleta mada: Shikamoo hivyo hivyo, mama. Ulizeni kwanza, ile ya Waminorca (wazao wa watu waliotoka kisiwa cha Minorca, Hispania) kwa asili huanzwa na mafuta ya nguruwe. Ila msiondoke bila pilipili yao, datil. Ni ya manjano, ndogo, harufu yake tamu, ukali wa pilipili mbuzi. Kachumbari ikipata moja tu, meza nzima inatoka jasho.

Bi Mkubwa Ohio: Mbegu zake zitaota huku kwenye baridi?

Mleta mada: Zioteshe ndani dirishani mwisho wa baridi, toa nje barafu ikiisha. Mimi nina mche kwenye ndoo, umebeba mpaka unainama. Nitumie anwani faragha nikutilie mbegu kwenye bahasha.

Kibopa wa Dallas: Na mimi mkuu. Halafu, paking ya bure iko wapi?

Mleta mada: Mama, zako zinatoka Jumatatu. Kibopa, zako zipo hatua ya 2.