Robo maili kwa pikipiki ya dukani: mbio ziko mkono wa kushoto

Siku ya kwanza kufika uwanja wa mbio wa Santa Pod nilikuwa na Suzuki GSX-R1000R mpya, nguvu za farasi 202 kwa hesabu za kiwanda, na majivuno yanayozidi hizo. Nikamaliza robo maili kwa sekunde 12.4. Njia ya pili alikuwepo mama mmoja wa makamo na pikipiki ya cc 600 iliyopauka rangi. Nilipovuka mstari wa mwisho yeye alikuwa keshaanza kukata kona ya kutokea.

Nimerudi misimu mitatu na chuma kile kile. Injini haijaguswa, ekzosti ni ile ya dukani, na sasa naingia kwenye 10.5 hali ya hewa ikiwa nzuri. Karibu sekunde mbili zote zimepatikana kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vinavyoshika klachi. Kwa hiyo kabla hujaagiza ekzosti ya bei mbaya, soma kwanza.

Kwa wasiopajua, Santa Pod iko Podington, Bedfordshire, hapa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulikuwa uwanja wa ndege za mabomu za B-17 za Wamarekani, na tangu 1966 njia ile ya kurukia imekuwa ya mbio za mita 402. Jina wameliunga: Podington, na Santa Ana kule California. Wana siku wanazoziita Run What Ya Brung, yaani njoo na chombo ulichonacho: unaonyesha leseni ya udereva, unajaza fomu, unalipa, unapanga foleni. Sisi tuliokulia Tanga tulizoea mbio za kufukuzana usiku barabarani. Achana nazo. Lami ya barabarani haijapakwa gundi, haina mahali pa kusimamia mwendo wa maili 140 kwa saa, na ng'ombe hajui taa ya kijani.

Hatua ya 1: Lainisha injini kwanza

Pikipiki mpya usiitoe dukani ukaipeleka kwenye mstari. Nyingi za Kijapani zinataka sevisi ya kwanza kwenye kilomita 1,000, na kitabu chake kinakwambia resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zisizidi kiasi gani kabla ya hapo na baada yake. Kifuate. Ringi, gia na pleti za klachi bado zinazoeana, na mbio hizi hupiga hapo hapo. Tairi mpya nazo zina utelezi wa kiwandani, zinataka kilomita mia na kitu za mwendo wa adabu. Mimi muda huo niliutumia kuijua klachi: inaanza kushika wapi, na inamaliza wapi. Maegesho ya supamaketi Jumapili asubuhi yanatosha kabisa.

Hatua ya 2: Mavazi na ukaguzi

Helmeti ya uso mzima, ngozi ya kipande kimoja au viwili vilivyoungwa kwa zipu, glavu, buti za kupita kifundo. Kila uwanja una kanuni zake, zisome kabla ya kuondoka nyumbani. Kaza cheni kwa kipimo cha kitabu, tazama breki, kunja vioo. Petroli nusu tangi inatosha, ila tangi tupu kabisa si ujanja: uzito ule wa mbele unasaidia uso wa pikipiki ukae chini.

Hatua ya 3: Upepo wa tairi na mkanda wa mbele

Kiwanda kinasema psi 36 mbele na 42 nyuma. Mbele naacha kama ilivyo. Nyuma nashusha hadi 30, tairi likanyage lami kwa upana zaidi. Kuna watakaokushauri ushuke zaidi ya hapo. Kwa tairi la barabarani na mwendo ule, mimi sitaki.

Adui wako wa kweli ni urefu. GSX-R1000R ina milimita 1,420 kati ya ekseli na ekseli, na juu yake umekaa wewe kama gunia. Ukiipa moto inataka kukupindua kinyumenyume. Suzuki Hayabusa ina 1,480, ndiyo maana, ingawa ni nzito zaidi, huondoka kwa utulivu. Wenye pikipiki za mbio tupu hurefusha mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma. Sisi tunabaki na ya dukani, kwa hiyo tunainamisha pua: mkanda wa kufungia mizigo unapita kwenye foko, ile miguu inayoshika tairi la mbele, unakazwa hadi mbele ishuke sentimita nne au tano. Ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, na hakuna kifaa kilichonipunguzia muda kuliko hicho.

Hatua ya 4: Kwepa maji

Kabla ya mstari kuna mahali pamemwagiwa maji kwa ajili ya tairi laini zisizo na mistari. Wewe pitia pembeni. Mistari ya tairi lako itabeba maji, kisha itakudondoshea pale pale unapotaka kushika. Nimeyafanya hayo, tena mbele ya foleni nzima.

Kuchoma tairi nako usikuchukulie kama maonyesho. Shika breki ya mbele, zungusha tairi la nyuma sekunde mbili tatu kwenye pakavu, lipate joto na kokoto zitoke. Basi. Tairi la barabarani likichomwa sana linalainika hadi linateleza kama limepakwa siagi.

Hatua ya 5: Kusogea kwenye taa

Ule mti wa taa wanauita mti wa Krismasi. Juu kuna taa mbili ndogo. Ya kwanza inakuambia umekaribia, ya pili kwamba tairi la mbele limekata mwale wa kuanzia. Sogea kwa sentimita, miguu yote miwili chini. Ustaarabu ni kuwasha ile ya kwanza kisha kumsubiri mwenzako awashe yake, ndipo muingie ya pili. Ingia taratibu, na taa ya pili ikiwaka tu, simama. Hapo unabaki na nafasi ndogo ya kuanza kutembea kabla saa haijahesabu.

Kisha taa tatu za njano zinashuka moja moja, nusu sekunde kati yao, halafu kijani. Ukitoka mapema unapewa nyekundu. Kuna mashindano ambapo njano zote huwaka kwa pamoja na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4, lakini hayo yasubiri.

Wageni wengi hawajui hili: saa yako inaanza tairi la mbele linapoachia mwale, si kijani kinapowaka. Ukichelewa, anayekuzidi ni jirani. Muda wako wenyewe haudhuriki. Basi siku ya kujifunza usikimbizane na kijani. Kione, vuta pumzi, ondoka.

Hatua ya 6: Kuondoka

Hapa nitakaa kidogo, maana mengine yote ni maandalizi ya sekunde mbili hizi.

Jisogeze mbele hadi ubane tangi, kifua juu yake, kidevu karibu na dashibodi. Viwiko vilegee. Gia ya kwanza. Njano ya kwanza ikiwaka, pandisha resi hadi 5,000 na uzishikilie. Ukizoea utakwenda 6,000 au 7,000, lakini si leo.

Achia klachi hadi uhisi pikipiki inakusukuma kiuno. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaiachia yote. Usiiachie. Endelea kuitoa polepole, kwa kasi ile ile unayofungulia mafuta, mpaka kama mita 18. Sikiliza mlio: ukiondoka sawasawa resi hazipandi wala hazishuki, mlio unakaa pale pale kama jenereta la jirani, huku lami ikikimbia kwa kasi chini yako. Klachi ikimaliza kushika ndipo mlio unaanza kupanda. Mlio ukididimia, umeachia haraka. Ukipaa na pikipiki haiendi, unaichoma klachi bure.

Mbele ikinyanyuka usifunge mafuta kwa hofu. Rudisha klachi kidogo, upana wa ukucha tu, itashuka yenyewe. Mbio yangu ya tatu sikujua hilo. Niliiachia klachi yote kwenye resi 7,000, nikaona mawingu, nikafunga mafuta, tairi likatua kwa kishindo na tangi likanikuta pabaya. Mwamuzi wa mstari alinipigia makofi.

Vipi kuhusu udhibiti wa kuondokea uliomo ndani ya kompyuta? Upo, unashikilia resi zisipande kupita kiasi, lakini klachi bado ni wewe. Mimi niliuzima mpaka masikio yangu yalipojifunza kazi. Udhibiti wa utelezi uache kiwango cha chini, usiuzime siku za mwanzo.

Hatua ya 7: Gia, kisha kusimama

Miguu juu mapema, ya pili ikiingia uwe tayari umelala. Badilisha gia karibu na mstari mwekundu bila kufunga mafuta, kifaa cha kubadilishia gia kitafanya kazi yake. Macho mbali, chini kabisa ya njia. Ukivuka mwisho usikae wima ghafla, maana upepo wa maili 140 unakupiga kifua kama mlango. Punguza mafuta, inuka polepole, breki kwa awamu. Usikate kona kabla hujajua mwenzako yuko wapi.

Hatua ya 8: Soma risiti

Ukirudi unapewa karatasi. Kila mtu hukimbilia namba ya mwisho. Wewe tazama ile ya futi 60, ndizo hizo mita 18. Hizi ni zangu mbili za siku moja:

Asubuhi: futi 60 kwa 2.21, robo maili kwa 11.38, mwendo wa mwisho maili 140 kwa saa.

Mchana: futi 60 kwa 1.83, robo maili kwa 10.71, mwendo wa mwisho maili 141.

Mwendo wa mwisho ni ushahidi wa injini, na injini haikubadilika. Mwanzoni niliokoa sekunde 0.38, mwishoni zikawa 0.67, kwa sababu kila mita iliyofuata niliipita nikiwa tayari na kasi. Kwa hiyo ukiona maili 140 na sekunde 11 na ushee, usimpigie simu fundi. Nguvu unazo, umeziacha mstarini.

Andika nyuma ya kila risiti resi ulizotumia, upepo wa tairi na hali ya hewa. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila mbio. Na ipe klachi mapumziko ya nusu saa. Pleti zikipata moto zinavimba, na nafasi ya bure kwenye wenzo inabadilika, kwa hiyo pale ulipozoea klachi ishike panahama. Siku moja nilipiga nne mfululizo kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Ya nne ilinuka kama maharage yaliyoungua. Siku hizi napiga sita kwa siku, na kati yake nakunywa chai ya chupa niliyotoka nayo nyumbani.

Jioni, kabla ya kugusa barabara kuu, fungua ule mkanda wa foko, maana pikipiki iliyofungwa mbele haina shokapu. Rudisha psi 42 nyuma. Na vioo navyo: mimi niliwahi kuvikumbuka nikiwa tayari nimeingia barabara kuu ya M1.